Jinsi ya kulishika neno "foment" la Kiingereza bila kulichanganya na "ferment", hatua kwa hatua

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza hili neno. Ameliona kwenye gazeti la Kiingereza, fulani alaumiwa kwa "fomenting chaos", kafungua kamusi kakuta "chochea", kafunga kamusi kaona mambo kwisha, kesho yake kwenye insha aandika "the rain fomented my sadness" na mwalimu ampiga mstari mwekundu, alafu aja kwangu na karatasi mkononi ati mwalimu amuonea. Hakuonewa. Nafundisha tuition ya Kiingereza hapa Majengo na nimechoka kueleza jambo moja kwa voice note za dakika saba saba, kwa hivo nimeketi niandike mara moja, mwenye swali ntamtumia hii.

Mwongozo ni wa neno moja tu, na babu yake wa Kilatini, na majirani zake kidogo manake huwezi kumjua mtu bila kujua akaa na nani.

KABLA HUJAANZA

Uwe na vitu hivi:

- Daftari na kalamu. Sio simu, simu itakuharibia, ntakwambia chini kwa nini.
- Kamusi ya Kiingereza inayoonyesha asili ya neno. Etymonline ni ya bure kwenye mtandao, na kamusi ya Oxford Learner's ya mtandaoni pia ina sehemu ya asili ya neno, ibonyeze ifunguke.
- Kamusi ya Kiswahili yoyote, hata iliyong'oka jalada.
- Karai, maji moto na kitambaa kizito. Sifanyi mzaha, hatua ya 2 yavihitaji.
- Nusu saa hivi.

Kilatini huhitaji kukijua. Na ukiniambia Kilatini ni kigeni sana kwako ntakuuliza hicho kitabu umekiweka juu ya nini. Meza. Meza imekuja na Wareno, na Kireno ni mtoto wa Kilatini, Warumi walisema mensa. Mvinyo vilevile, karata vilevile. Waliojenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596 walituachia ngome na maneno, na ngome twalipia kuingia lakini maneno twayatumia bure.

HATUA YA 1: Likate vipande

Andika FOMENT kwa herufi kubwa, upige mstari baada ya FO.

Kiingereza kimelipata hili neno kupitia Kifaransa, fomenter, na Kifaransa kikalipata kwa Kilatini, fomentum. Hio fomentum ni neno lililofupishwa, asili yake fovimentum, na ndani yake muna kitenzi fovere. Hapa tulia kidogo manake hapa ndipo penye mali. Fovere ni kupasha joto, kutia joto na kulidumisha. Warumi walilitumia kwa kuku anapowafunika vifaranga vyake kwa mbawa, na kwa ndege anapoatamia mayai. Walilitumia pia kwa kumlea mtu, kumbembeleza, kumpendelea. Hakuna ubaya wowote ndani yake, ni neno la mama.

Kile kipande cha nyuma, -mentum, ni mkia wa kutaja kifaa au kitu cha kufanyia kazi. Document imetoka kwa docere, kufundisha. Monument imetoka kwa monere, kukumbusha. Sisi tuna mtindo wetu kama huo, funika yazaa kifuniko, ziba yazaa kizibo, chochea yazaa kichocheo. Kwa hivo fomentum ni kitu cha kutilia joto. Na Mrumi ukimwambia fomentum moja kwa moja alijua ni kitambaa cha maji moto cha kuweka penye maumivu.

Yaani ni kukanda. Ndio hivo tu.

Tahadhari: usikate FOM-ENT ukadhani FOM ni "form". Kuna kijana aliniandikia ukurasa mzima kuhusu "kuunda fomu ya fujo", kwa hati nzuri kabisa.

HATUA YA 2: Kanda kitu

Sasa chukua karai. Usiruke hatua hii kwa sababu waiona ya kitoto, mimi neno hili sikulielewa kwenye kitabu, nilikuja kulielewa kwenye mguu.

Nilikuwa darasa la sita nikateguka kifundo nikicheza mpira, na siku ya tatu mguu umevimba kama embe dodo. Bibi akaweka seredani uani, sufuria juu, maji yakachemka, akatia chumvi ya mawe. Akachukua leso kuukuu iliyokwisha rangi, akaikunja mara nne, akaichovya, akaikamua kwa ncha za vidole huku asema ash ash, akaniwekea. Nikapiga kelele. Akaishikilia hapo hapo kwa kiganja mpaka ikaanza kupoa, akaitoa, akachovya tena, akaweka tena. Mara kumi, kumi na mbili, sijui. Hakusugua na hakupiga, na kila kitambaa kilipopoa alirudisha joto. (Na leso yenyewe jina lake ni la Kireno, lenço, limetoka kwa linteum ya Kilatini, kwa hivo Kilatini kilikuwemo karaini siku hio na mimi nalia.)

Fanya hivo na wewe, hata kwenye goti lisilouma. Maji yawe ya kustahimilika, usijiunguze alafu useme nimekutuma mimi, na kama umeteguka leo leo anza na barafu, joto ni la baadaye.

Wakati kitambaa kiko gotini jiulize maswali matatu ujibu kwenye daftari:

Je, joto ndilo lililoleta uvimbe wa mguu wangu? Hapana, ulikuwepo.
Je, ni mara moja au kurudia rudia? Kurudia.
Je, ni kwa nguvu au kwa upole? Upole.

Weka majibu hayo, ndio funguo za neno zima.

HATUA YA 3: Litoe mguuni ulipeleke mjini

Kiingereza kilipolipokea neno hili, karne ya 15, lilikuwa la matibabu tu. To foment a leg, kukanda mguu. Fomentation ndio ukandaji wenyewe, na vitabu vya zamani vya manesi vimeandika hivo hivo, hot fomentations, weka kitambaa, badilisha kitambaa. Ni kwenye karne ya 17 ndipo watu walipoanza kulitumia kwa mambo ya watu, kukanda uasi, kukanda ugomvi, na hii maana ya pili ikanenepa mpaka ikaimeza ile ya kwanza. Leo ukimwambia Muingereza "foment my knee" atakutazama sana.

Imerukaje kutoka kwenye dawa mpaka fujo? Fikiria jipu. Jipu bichi ni gumu, jekundu, halitoki kitu. Ukilikanda na maji moto asubuhi na jioni laiva, latoa kichwa, lapasuka. Hukulipanda wewe, umeliivisha. Sasa badala ya jipu weka kinyongo cha watu wa mtaa mmoja na mwengine, na badala ya kitambaa weka maneno ya kila jioni barazani, leo umbea kidogo, kesho umbea kidogo. Huyo mwenye maneno ndiye fomenter. Hajarusha jiwe hata moja.

Kamusi za siku hizi zakubali pia foment kwa maana ya kuanzisha fujo, sio kuikuza tu, kwa hivo ukikutana nalo hivo usibishane na gazeti. Lakini wewe unayejifunza shikilia picha ya kitambaa, haitakuangusha.

Sisi Waswahili hatukuenda kwa kitambaa, tumeenda jikoni moja kwa moja. Kuchochea ni kule kusukumiza kuni ndani na kuvuruga makaa ili moto ushike. Na fitina nayo, ambayo tumeipata kwa Waarabu, mzizi wake ni kuyeyusha dhahabu na fedha motoni ili kujua safi na chafu. Kwa hivo Muingereza, Mwarabu na Mswahili wote watatu walipotafuta neno la kuharibu watu walikimbilia joto. Mimi hili lanifurahisha kuliko inavyostahili.

HATUA YA 4: Wajue majirani

Makosa mengi yanatokea hapa manake kamusi ya haraka haraka huwapa wote jibu moja, "chochea". Kila mmoja ana picha yake kutoka Kilatini, ukiijua picha hukosei.

Incite. In na citare, na citare imetoka kwa ciere, kutia kitu mwendo. Hii ni kusukuma watu watoke sasa hivi. Mtu juu ya gari na kipaza sauti. Hili ndilo neno la mahakamani, Kanuni ya Adhabu ya Kenya kifungu cha 96 kimeandika "incitement to violence", ndio ile "uchochezi" unayosikia kwenye taarifa ya habari. Hakuna anayeshtakiwa kwa fomentation, huyo angeshtakiwa kwa kukanda.

Instigate. Ina maana ya kudunga kwa kitu chenye ncha, kama mtu na mchokoo wa punda, yule anayekwambia "enda umuulize, enda, waogopa nini?" alafu yeye abaki nyuma. Huanzisha jambo.

Agitate. Agere ni kuswaga, kupeleka wanyama mbele, na agitare ni kuswaga tena na tena bila kupumzika. Ndio maana lafaa kwa maji yanayovurugwa na kwa mtu asiyetulia. Mashine ya kufulia ina kile kipande cha kati cha kuvuruga nguo, chaitwa agitator, na mwanaharakati naye aitwa agitator, neno moja. Ukiongeza "for" linageuka kuwa zuri kidogo: "The dock workers agitated for better pay", wanapigania. Foment haina hio "for".

Provoke. Pro na vocare, kuita mtu atoke mbele. Simama nje ya mlango wa jirani useme toka kama wewe mwanamume. Kuchokoza.

Bas. Kuna wengine lakini hawa wanatosha, ukijaza kichwa majirani kumi utamsahau mwenyewe.

HATUA YA 5: Liweke kwenye sentensi

Sheria ni moja na ni hii: huwezi ku-foment mtu, wa-foment jambo. Na jambo lenyewe ni lile bichi linaloweza kuiva vibaya: unrest, rebellion, discord, dissent, trouble, hatred, division.

Mbaya: "He fomented the boys to fight."
Nzuri: "He incited the boys to fight."
Nzuri pia: "For months he fomented trouble among the boys."

Ona hio "for months". Foment lapenda muda. Ukitia "suddenly" mbele yake sentensi yachechemea.

Mfano wa nyumbani. Wajua mambo ya leso za mafumbo, mtu anunua leso yenye maneno makali, aivaa akipita mlangoni kwa mwenzake akenda dukani, harudi mbio, arudi pole pole na mkate wake wa mofa. Kesho avaa nyengine. Wiki ya tatu wawili hawasalimiani, ya nne waume wamenuniana. Kwa Kiingereza: "She fomented a quarrel with nothing but a leso." Hio ndio sentensi ninayowapa wanafunzi wote na hawaisahau. Ukisema "incited" hapo unakosea, hakumuita mtu apigane, amekanda tu.

Na kutamka. Mkazo uko mwisho, fo-MENT. Sisi Kiswahili chetu chakazia silabi ya pili kutoka mwisho kwa hivo ulimi wetu wakimbilia FO-ment, na utasikia hata Wamarekani wengine wasema hivo, lakini kwa mtihani wa mdomo shika fo-MENT.

HATUA YA 6: Jipime

Funga daftari. Jaza kila pengo kwa foment, incite, instigate, agitate au provoke, kwa umbo linalofaa:

a) Don't ____ the dog, it bites.
b) The speaker ____ the crowd to block the road.
c) Rumours about the land ____ bitterness between the two families for years.
d) ____ the bottle gently before you pour.
e) It was the elder brother who ____ the fight and then hid behind the shop.

Majibu: provoke, incited, fomented, agitate, instigated. Kama (c) umekosa rudi hatua ya 2, na safari hii tia maji moto kweli.

IKIKWAMA

"Nachanganya foment na ferment kila siku." Wewe na watu wengi, hata waandishi wa magazeti. Ferment latoka kwa fermentum, chachu, na ni jamaa ya fervere, kuchemka. Ferment ni hamira kwenye unga wa mahamri, foment ni kitambaa mguuni. Hamira yafanya kazi ndani, yenyewe, unga waumuka umelala. Kitambaa kina mkono wa mtu nje. Kwa hivo jiulize, kuna mkono? Upo: foment. Jambo lachemka lenyewe kwa ndani: ferment. Kinachokera ni kwamba ferment pia laweza kutumika kwa kuchochea fujo, kamusi zakubali, kwa hivo ukisoma "ferment rebellion" sio lazima iwe kosa. Lakini kinyume chake hakuna, huwezi ku-foment togwa. Na ferment likiwa nomino mkazo wahamia mbele, FER-ment. Foment wewe litumie kama kitenzi tu.

"Simu yanibadilishia." Ndio maana nilisema daftari. Yangu yaandika "moment" au "comment". Andika fomenting kwanza, itakubali, alafu futa -ing.

"Kiswahili twasema kuchochea uchumi, kuchochea hamu ya kusoma, mbona foment haikubali?" Kwa sababu chochea letu lina pande mbili, moto wa kupikia na moto wa kuchomea nyumba ni moto mmoja. Foment ya Kiingereza imebaki na upande mbaya peke yake. Kwa uchumi tumia stimulate, ambalo nalo, usicheke, latoka kwa stimulus, mchokoo wa kuswagia ng'ombe. Yaani kilichokuwa ncha kimekuwa kizuri, na kilichokuwa joto la mama kimekuwa kibaya. Maneno hayana shukrani.

"Rafiki yangu asoma Kihispania asema fomentar ni neno zuri." Ni kweli. Fomentar kwao ni kukuza, kuendeleza, na Hispania ilikuwa na Ministerio de Fomento, wizara ya barabara na reli na miundombinu, mpaka 2020 ilipobadilishwa jina. Haikuwa wizara ya fujo. Kihispania kimebaki na ule upande wa kulea wa fovere. Kwa hivo ukitafsiri kutoka huko kuja Kiingereza usiweke foment, weka promote au encourage, utamtia balozi matatani.

"Nimekuta fomites kwenye mambo ya Covid, ni jamaa?" Jamaa wa damu. Fomes kwa Kilatini ni vile vitu vikavu vya kuwashia moto, kama makumbi ya nazi tunayotia chini ya makaa, na wataalamu wa lugha wairudisha kwa fovere hio hio. Mwaka 1546 daktari wa Italia, Girolamo Fracastoro, aliandika kuhusu maradhi ya kuambukiza akaviita fomes vile vitu vinavyobeba ugonjwa, nguo, mashuka na kadhalika, manake vinauhifadhi kama makumbi yanavyohifadhi cheche. Ndio kile kitasa cha mlango ulichokuwa ukikifuta na sanitaiza 2020. Wingi ni fomites, umoja ni fomes, na watu wengi sasa wasema fomite, wacha waseme.

"Naweza kulitumia kwenye insha ya mtihani?" Mara moja, mahali pake, ndio. Mara tatu kwenye ukurasa mmoja mtahini ataona umelikariri jana usiku. Na kama hadithi yako ni ya harusi au safari ya Lamu usilitafutie nafasi kwa nguvu, labda kama kuna shangazi.